Harusi Iliyosubiri Breki

Ipo siku moja ya usichana wangu, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka miguu yangu haitulii. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kunyesha kidogo kidogo kwetu Kwale, nami nilikuwa nimewekwa ndani kwa ajili ya harusi. Nilipakwa msio wa kung'arisha ngozi asubuhi na jioni, nilikatazwa jua, nilikatazwa mlango, na somo wangu aliyenifunda, Bi Mishi, alikaa kizingitini kama askari. Wewe unanijua uzeeni huu, unajua siwezi kukaa kiti kimoja mpaka chai ikapoa. Basi nifikirie wakati huo, damu bado ina moto, nimefungiwa chumba chenye kidirisha kimoja, nangoja Ijumaa ije nichukuliwe.

Na miaka ile yenyewe ilikuwa miaka ya haraka. Bendera mpya ilikuwa imepandishwa juzijuzi, na ilionekana kama kila mtu ana mahali anapokimbilia. Vijana walishuka Mombasa kutafuta kazi zilizoachwa na waliokuwa wakirudi kwao. Wazee walikwenda Matuga kuuliza habari za mashamba, wakarudi, wakaenda tena. Wazungu waliokuwa na nyumba ufukweni Diani waliuza vitanda, masufuria, hata mbwa. Aliyekaa kimya nyumbani kwake alionekana amelala, na mimi nilichukia sana kuonekana nimelala.

Mchumba wangu aliitwa Hamadi. Alikuwa kijana wa Diani, fundi wa matrekta katika shamba la miwa. Bwana mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda kwao na asirudi tena alimwachia gari lake kuukuu, ambalo injini yake ilikuwa imekufa na viti vimeliwa na panya. Hamadi akapata injini nyingine, kubwa kuliko ile ya mwanzo, kutoka kwenye gari lililogonga mnazi likabondeka bodi yote, lakini moyo wake ukabaki mzima. Aliposikia kwamba posa yake imekubaliwa, alituma neno kwamba injini ile ataitia ndani ya gari lake, na siku ya harusi atapanda Kwale nalo kunichukua.

Hilo neno lilimfikia mjomba wangu Rashidi. Mjomba Rashidi alikuwa kaka wa mama yangu. Mama alikuwa ameshafariki, na kwetu Wadigo mjomba ana sauti nzito, pengine nzito kuliko ya baba. Alikuwa mfanyabiashara wa mbata, zile nazi zilizokaushwa, mtu wa kupenda watu na kupenda kusikiwa. Basi alisema barazani, alisema msikitini, alisema sokoni, kwamba mtoto wa dada yake hatoki Kwale kwa basi wala kwa lori la nazi. Atatoka kwa gari la mumewe. Siku zile, mwanangu, gari la mtu mweusi mwenye jina letu lilikuwa jambo la kusimamisha watu njiani. Nami nilisema vilevile kwa wenzangu kisimani. Tusifichane, nilisema kwa sauti kubwa kuliko ya mjomba.

Sasa siku hiyo, Jumatatu ya wiki ya harusi, nikasikia hodi. Alikuwa mama yake Hamadi, Bi Mwanakombo, amepanda basi kutoka Diani peke yake. Mama mkwe kuja mwenyewe kabla ya siku si jambo la heri. Nilisogea hadi nyuma ya pazia. Bi Mishi alinishika mkono, nikauchomoa.

Bi Mwanakombo alisalimia, akaulizwa hali, akajibu, akapewa kahawa. Kisha akasema, "Hamadi amenituma niombe radhi mapema. Injini ya zamani ameitoa. Alipoitoa ameona paipu za breki, zile zinazopeleka mafuta magurudumuni, zimeliwa na kutu. Anasema upepo wa chumvi umezitafuna. Anaomba mchague moja kati ya mawili. Tufanye harusi Ijumaa hiihii na bibi harusi tumchukue kwa basi, au mtungoje mpaka gari litengenezwe sawasawa."

"Hiyo injini mpya haiwaki?" mjomba akauliza.

"Itawaka, ikishatiwa."

"Basi aitie, aje."

"Breki, bwana."

"Mama, gari hilo limetembea miaka yote na breki hizohizo. Zimeharibika leo, wiki ya harusi?"

Bi Mwanakombo akapiga funda la kahawa. Na mimi nyuma ya pazia nilikuwa nawaka. Kwa maana siku ile ile asubuhi, dereva wa basi alikuwa ameshaleta maneno mengine. Alisema rafiki yake Hamadi, jina lake Athumani, aliyekuwa akimsaidia kazi ya gari, amemwacha na kwenda zake, na huko anakopita anasema Hamadi ameingiwa na woga wa kuoa, sasa anatafuta sababu chini ya gari. Maneno hayo yalikuwa yameniingia kama maji ya moto. Niliona kisimani wakinicheka. Nilijiona nimepakwa msio bure.

Nikasema kwa sauti kutoka pale nyuma ya pazia, jambo ambalo mwari hafanyi, "Mwambieni aje nalo hivyohivyo. Akishindwa, asije kabisa."

Vichwa vyote sebuleni vikageukia pazia. Bi Mwanakombo akaweka kikombe chini, kahawa ikiwa nusu. "Nimesikia, mwanangu," akasema. "Nitamfikishia." Akavaa buibui lake, akaaga kwa adabu, akatoka kuliwahi basi.

Mjomba Rashidi alifurahi. Alinisifu mbele ya watu kwamba nina damu ya kwao. Nami nilifurahi kwa muda mfupi tu, kisha nikaanza kuzunguka chumba. Kila gari lililopanda kilima nilisikiliza mlio wake. Nilihesabu nguo zangu, nikazikunja, nikazikunjua. Bi Mishi akaniambia nikae, nikakaa, nikasimama tena.

Baba yangu alirudi alasiri kutoka kazini. Alikuwa kibarua wa barabara. Kazi yake ilikuwa kuchimba mitaro na kushindilia udongo katika ule mteremko unaotoka kwetu Kwale kushuka Matuga, ambao mvua ikinyesha kidogo tu unaharibika. Si mtu wa maneno. Alinawa miguu, akaswali, akala, ndipo akaambiwa yaliyotokea. Akaniita uani, tukakaa juu ya mkeka, mimi nimejifunika leso mpaka machoni.

"Mejumaa," akasema, "umemwagiza mtu akuletee nini?"

Nikamjibu, "Nimemwagiza aje anichukue, baba, kama alivyoahidi."

Akasema, "Ule mteremko nimeufukua tangu hujazaliwa. Gari likishindwa kusimama pale haliangalii limebeba bibi harusi au magunia ya nazi. Nimewatoa watu bondeni kwa mikono yangu hii. Mmoja alikuwa mama, amevaa bangili zake zote, alikuwa akienda harusini. Sikukuhadithia kwa sababu ulikuwa mtoto. Leo umesema maneno ya mtu mzima, basi sikia na habari za watu wazima."

Nilitaka kusema jambo, lakini hakuningoja. Aliendelea, "Wewe hujui kama yule kijana anakukimbia au anakuchunga. Mjomba wako hajui. Athumani, ambaye maneno yake yamekuja na basi, hajui. Mimi pia sijui. Na mtu asiyejua haamrishi. Kesho tutashuka tukatazame."

Hakupandisha sauti hata kidogo, mwanangu, lakini nilihisi kama nimepigwa. Nimekemewa na watu wengi maishani, wengine kwa fimbo, na hakuna kukemewa kulikonikaa kama kule. Bi Mishi alilalamika kwamba mwari hatoki nje, atakuwa na mkosi, atapoteza rangi ya msio. Baba akamwambia rangi itarudi.

Tukashuka kwa basi la asubuhi, mimi nimejifunika buibui la Bi Mishi. Hilo basi nilikuwa nimelipanda mara nyingi, lakini siku hiyo nilisikia kila kitu. Nilisikia dereva akirudisha gia, nikasikia breki zikilia, nikahisi uzito wa basi ukitusukuma kutoka nyuma kama mtu mwenye haraka kuliko sisi. Baba alitazama nje upande wa bonde. Nilishika chuma cha kiti cha mbele mpaka tukafika Matuga, na hata pale sikukiachia.

Nyumba ya kina Hamadi huko Diani ilikuwa ndani kidogo kutoka barabarani, na nyuma yake palikuwa na banda la makuti. Ndani ya banda hilo ndipo nilipoliona gari langu la harusi kwa mara ya kwanza. Lilikuwa limeinuliwa juu ya magogo, halina magurudumu. Boneti imetolewa, na pale penye injini palikuwa na shimo tupu, kama mdomo wa mzee asiye na meno. Injini yenyewe ilikuwa inaning'inia pembeni kwa mnyororo na kapi, juu ya miti mitatu iliyofungwa pamoja, imefunikwa gunia. Nilivunjika moyo. Nilikuwa nimeliota likiwa na maua.

Hamadi akatoka chini ya gari, mikono myeusi mpaka viwikoni. "Shikamoo, baba," akasema, akasita kumpa mkono kwa sababu ya mafuta. Baba akaushika vilevile. Mimi hakunitazama, na hiyo ndiyo adabu ya wakati ule, lakini masikio yake yalibadilika rangi.

Bi Mwanakombo alituletea chai na mahamri, akanisalimia kana kwamba sikumwambia neno baya jana yake. Kwa aibu niliyoiona hapo, nikainamia kikombe changu.

Baba hakuzunguka. "Kijana, tumeambiwa mambo mengi. Nimekuja kuona."

Hamadi hakujitetea. Aliingia bandani akatoka na kipande cha paipu nyembamba, ndefu kiasi cha mkono, akampa baba. Nje ilikuwa kahawia, imevimba vimba kama ngozi yenye upele. Baba akaigeuza, akaipinda kidogo tu, kama mtu anayepima fito ya kujengea. Ikakatika kwa mlio mdogo, kama kijiti cha muhogo mkavu, na mafuta machafu yaliyobaki ndani yakamdondokea kwenye kanzu yake.

Baba akatazama lile doa. Akatazama paipu. "Hii ilikuwa ikishikilia nini?"

"Magurudumu yote ya nyuma," Hamadi akajibu. "Gari lilikuwa likisimama kwa sababu injini ya zamani haikuwa na nguvu. Lilikuwa linajikokota tu, breki hazikuwa na kazi kubwa. Hii niliyopata ina nguvu maradufu. Nikiitia na paipu hizi, nimempa mtu mbio nikamnyima pa kusimamia. Na injini ikishakaa mahali pake, baba, mkono haupiti tena kule nyuma. Nikiziacha sasa, nimeziacha."

Nilijua ni zamu ya wanaume kuzungumza. Lakini nilikuwa nimepanda basi na mkosi wangu wote, nikaona siwezi kurudi bila kuuliza.

"Kwa nini hukuja mwenyewe kutuambia?"

Akageuka, akasema na chai yangu badala ya kusema nami. "Siku niliyomtuma mama nilikuwa Mombasa natafuta paipu. Nimezunguka maduka mpaka nikapata za shaba. Chumvi haiziwezi."

"Salamu zangu ulizipata?"

"Nilizipata."

"Ukasemaje?"

"Nikaendelea kupinda paipu usiku kucha."

Nami nakuambia ukweli, mwanangu, jibu lile liliniudhi na likanituliza kwa pamoja. Mtu anayekimbia angeapa. Angelia, angetupa lawama kwa Athumani, angetuonyesha maua. Huyu aliendelea kupinda paipu. Nikasogea nikatazama kazi yake kwa mara ya kwanza. Paipu mpya zilikuwa zimeshapita chini ya gari, zinang'aa, zimefuata kila kona ya chuma bila kugusa mahali penye moto wala mahali penye kusuguana, na kila baada ya hatua amezifunga kwa kibanio ili zisitikisike. Sikujua lolote la magari, lakini nilijua ushonaji, na nilijua mshono wa mtu ambaye hataki ufumuke.

"Imebaki nini?" baba akauliza.

"Kutoa hewa. Ndani ya paipu mpya mna hewa, na hewa ikibaki, ukikanyaga breki unakanyaga upepo. Lakini kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja chini gurudumuni, mmoja juu kwenye pedali. Athumani hayupo."

Baba akavua viatu. "Nitakanyaga mimi."

Akapanda, akakaa kwenye kiti kilichotoka sponji. Hamadi akalala chini upande wa nyuma, akatia kijibomba chembamba cha mpira kwenye nati, upande wa pili akauzamisha kwenye chupa yenye mafuta. Akasema, "Kanyaga." Masikini baba yangu, maisha yake yote mguu wake ulikuwa mguu wa kushindilia udongo. Alikanyaga kama anayepiga barabara, mara moja, mara mbili, mara tatu, kabla hajaambiwa. Mafuta yakaruka. Hamadi akasema polepole, "Hapana, baba. Moja, kisha ushikilie mpaka niseme." Baba akajaribu tena, na tena mguu ukamshinda. Hatimaye akashuka akicheka, jambo lililokuwa adimu. Akanitazama mimi.

"Mejumaa, panda wewe."

Bi Mwanakombo akashika mdomo. Lakini baba alikuwa pale, na mama mkwe yuko pale, nami nimejifunika. Nikapanda.

"Kanyaga," ile sauti ikasema kutoka chini.

Nikakanyaga. Pedali ilikuwa laini, kama kukanyaga unga uliokandwa.

"Shikilia."

Nikashikilia. Alifungua nati, pedali ikazama ghafla chini ya mguu wangu, nikaogopa, nikaiachia. Nikasikia pumzi ikivutwa ndani ya paipu.

Hakukasirika. "Hewa imerudi," akasema. "Tunaanza upya. Ikizama, iache izame. Usiinue mguu mpaka nikwambie achia."

Tukaanza upya. Kanyaga, shikilia, inazama, anafunga, achia. Inaonekana rahisi ukisimuliwa. Lakini mguu wenye haraka haupendi kungoja, nami siku zote zile nilikuwa nimeshachoka kungoja. Wakati nimeshikilia pale chini, simwoni Hamadi, sioni anachofanya, naona usukani tu na ukuta wa makuti, na mguu unaniambia inuka, ameshamaliza, amekusahau. Na kila nilipousikiliza, tulianza upya. Jasho lilinitoka ndani ya buibui. Niliinua mapema mara kadhaa, na kila mara aliniambia neno lilelile, kwa sauti ileile, tunaanza upya. Nilianza kuona haya kumsikia akilisema.

Ndipo nikaacha kusikiliza mguu nikamsikiliza yeye. Nikasikia spana ikigusa nati. Nikasikia viputo kwenye chupa. Nikajua kwamba kimya chake kilikuwa na kazi ndani yake. Tukatoka gurudumu moja tukaenda jingine, na kidogo kidogo pedali ikaanza kuwa ngumu. Kufikia adhana ya adhuhuri nilikanyaga ikasimama juu, imara, kama nimekanyaga kizingiti cha nyumba.

"Sasa?" akauliza kutoka chini.

"Sasa haizami," nikasema.

"Polepole shuka, Mejumaa. Usipige kichwa."

Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja jina langu.

Kabla hatujaondoka nilimwendea Bi Mwanakombo jikoni nikamwomba radhi. Alinipa kikapu cha mahamri nimpelekee Bi Mishi, akasema hata yeye alipoolewa alikuwa na ulimi mrefu. Baba akakubaliana na Hamadi kwamba harusi ingoje, injini itiwe kwa utulivu, gari lijaribiwe bila abiria, kisha atupe habari.

Haikupita hivihivi, mwanangu, wala sitaki udhani ilipita. Mjomba Rashidi alisema baba amemvunjia heshima, amemchukua mwari kwa siri, amebadilisha siku ya harusi bila ya mjomba kushauriwa. Na kweli hakushauriwa. Walirushiana maneno uani kwetu, mazito, maneno ambayo baba hakuwa na kawaida ya kuyasema. Wenzangu wa kisimani walikuja kunisalimia, na wakaanza kunisema walipotoka. Baadhi ya wageni waliotoka mbali walifika Ijumaa ile kwa sababu habari haikuwafikia, wakala, wakaondoka, na mimi nilikaa ndani nikiwasikia wakiulizana. Zile siku za kungoja zilikuwa ndefu. Nilijua sababu, nilikuwa nimeikanyaga kwa mguu wangu, na bado nilizunguka chumba. Kujua hakukuniondolea wasiwasi. Kulinizuia tu nisitume neno jingine.

Hamadi alikuja baada ya mvua kupungua. Mjomba Rashidi hakuhudhuria. Alikwenda Kinango kununua ng'ombe ambaye hakumnunua. Nilitoka nyumbani kwetu bila mkono wa kaka wa mama yangu, na hilo liliniuma hata nikiwa nimevaa dhahabu. Tulipanda garini, Hamadi na baba mbele, mimi na Bi Mishi na shangazi zangu nyuma, na basi lililojaa watu wa harusi likitufuata.

Katika mteremko Hamadi aliendesha taratibu kiasi kwamba shangazi zangu walikatiza wimbo wakamuuliza kama gari la harusi ni kobe. Akaendelea vilevile. Tulipofika kwenye kona iliyo juu ya bonde lenye kina, tukakuta ng'ombe wamejaa barabara nzima. Mchungaji wao, Mduruma mmoja, alikuwa mbele yao kabisa, hakuwa na haraka yoyote. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Nilihisi mguu wangu ukikanyaga sakafu ya gari pale nyuma, pasipo na pedali.

Gari likasimama. Hakukuwa na mlio, hakukuwa na mtu aliyetupwa mbele. Ng'ombe wakapita, wengine wakigusa milango kwa pembe. Mchungaji akatusalimia, Hamadi akamwitikia, akamuuliza habari za malisho. Shangazi zangu walikuwa wameshaurudia wimbo wao. Katika gari lile zima, watu watatu tu ndio waliojua kilichotokea, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Sikuuona uso wake. Niliona tu mkono wake ukitoka begani kwa Hamadi, ambapo sikujua aliuweka saa ngapi.

Mjomba alikaa na hasira yake muda mrefu. Alipokuja kututembelea, nilikuwa nimeshapata mtoto wa kwanza. Aliingia gari lile akakaa mbele, na tangu hapo hakukaa pengine. Miaka ilipopita nilikuja kusikia kwamba anawaambia watu wa Kwale kuwa ni yeye aliyeamrisha paipu zile zibadilishwe. Hamadi aliposikia alicheka mpaka akatokwa na machozi, akanikataza nisimsahihishe. Sikumsahihisha. Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu, na baba yangu pia.

Sasa nikwambie kwa nini nimekutolea habari hii. Nakuona unavyokaa siku hizi na simu mkononi, unaitazama, unaiweka, unaitazama tena. Nasikia unavyosema fulani ananichelewesha, kazi inanichelewesha, mambo hayaendi. Sitakwambia subiri. Kila mzee atakwambia subiri, na mimi mwenyewe ningeambiwa hivyo nisingesikia. Isitoshe wapo wanaokuchelewesha kwa sababu wanakuzungusha, na anayewangojea hao anapoteza umri wake.

Ninalokwambia ni hili. Mtu akikuchelewesha, usimhukumu kwa maneno ya waliomkimbia, wala kwa cheko la walio kisimani, wala kwa mguu wako unaotaka kuinuka. Shuka ukatazame mikono yake. Ikiwa mitupu, rudi nyumbani na umwache, wala usimlilie. Ikiwa ina kazi, na kazi yenyewe ni ya kukulinda wewe, basi mvumilie, na ukiweza panda umsaidie. Na wewe unapojenga maisha yako, usikimbilie kutia nguvu mpya juu ya vitu vilivyooza kwa sababu watu wanangoja kukuona ukipita. Tengeneza kwanza kile kitakachokusimamisha, hasa kile ambacho hakuna atakayekiona. Watu watakusema. Waache waseme. Utakuwa hai kuwasikia.

Mwenyezi Mungu akujaalie mwenzi asiyeona haya kukwambia bado. Akupe subira pale penye sababu, na akupe miguu ya kuondoka pale pasipo na sababu. Akuepushe na aibu ya haraka na majuto ya baada yake, akupitishe salama katika kila mteremko wako, wewe na uliowabeba. Amin, mwanangu, amin.